Nyumba zaota kila siku, watoto watasomea wapi?

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lau wangalirudi leo na kutembezwa pande za mashariki mwa jiji la Nairobi, kutoka Pipeline hadi Kayole, kutoka Utawala hadi Ruai, wangalistaajabu kuona jinsi tulivyoipindua methali yao. Kuta tunazijenga usiku na mchana, moja juu ya nyingine, hadi ghorofa ya saba na ya nane, ilhali ufa wenyewe tumeuacha wazi. Kuta hizo ni za nyumba za kupangisha. Ufa ni ukosefu wa nafasi katika shule za umma kwa watoto wanaolala ndani ya nyumba hizo.

Mtaa ambao watu wazima wana pa kulala lakini watoto wao hawana pa kusomea si mtaa. Ni bweni kubwa la wafanyakazi. Na dai langu leo ni kwamba upungufu huu hautokani na umaskini wa serikali peke yake, wala hautokani na wingi wa kuzaa kama wapendavyo kusema baadhi ya watu. Unatokana na utaratibu wetu wa kuidhinisha majengo, ambao huhesabu kila kitu isipokuwa mtoto.

Tuanze na idadi ya watu. Sensa ya mwaka 1999 iliwahesabu wakazi 2,143,254 jijini Nairobi. Ile ya 2009 ikawahesabu 3,138,369, na ya 2019 ikapata 4,397,073. Yaani katika muda wa miaka 20 jiji liliongezeka zaidi ya maradufu. Kaunti ndogo ya Embakasi peke yake ilikuwa na wakazi 988,808 mwaka 2019, idadi inayokaribia milioni moja. Je, ni nani miongoni mwetu awezaye kusimama na kusema kwamba shule za umma za Nairobi nazo ziliongezeka maradufu katika muda huo huo? Anayefundisha huko, kama nilivyofundisha mimi, anajua jibu kwa kutazama tu madawati yake.

Hebu sasa tufanye hesabu ndogo ambayo hata mwanafunzi wa Gredi ya 6 anaiweza. Chukua ploti moja ya thumuni ya ekari, ile tunayoizoea kuiita hamsini kwa mia. Mwenye ploti ajenge jengo la ghorofa sita, kila ghorofa iwe na nyumba nane. Hizo ni familia 48. Jirani yake naye ajenge vivyo hivyo, na jirani wa jirani, hadi ploti 20 za barabara moja zijae. Tayari tuna familia 960 mahali palipokuwa na familia chache juzi tu. Tukisema kila familia ina mtoto mmoja tu wa umri wa kuwa kati ya Gredi ya 1 na ya 9, tutahitaji nafasi 960. Kwa kuwaweka watoto 40 katika kila chumba, hayo ni madarasa 24. Shule yenye mikondo mitatu kuanzia Gredi ya 1 hadi ya 9 ina madarasa 27. Kwa hiyo barabara hiyo moja, yenye ploti 20, inakaribia kuijaza shule nzima.

Lakini tazama jinsi idhini zinavyotolewa. Mwenye ploti ya kwanza hupeleka mchoro wake kwa serikali ya kaunti. Mchoro hukaguliwa ikiwa una ngazi, choo, njia ya majitaka na maegesho ya magari. Haulizwi habari ya shule, na kusema kweli hata akiulizwa atajibu nini? Yeye anajenga nyumba 48 tu. Hawezi kutoa uwanja wa shule kutoka katika thumuni ya ekari. Wa pili naye anajenga 48 tu. Wa tatu vivyo hivyo. Wote 20 wanapita mlangoni mmoja mmoja wakiwa wasafi, na wanapokutana upande wa pili wamekwisha kuzaa hitaji la shule nzima ambayo haina mwenyewe. Hakuna aliyevunja sheria, ila mtoto ndiye anayelipa.

Isitoshe, mlango wa idhini na mlango wa elimu ni wa nyumba mbili tofauti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya mipango ya ustawi, nyumba na elimu ya chekechea. Shule za msingi na za sekondari zimebaki mikononi mwa serikali kuu. Anayetia sahihi mchoro wa jengo si yule atakayetafuta darasa la watoto wa jengo hilo. Kaunti hukusanya ada ya kuidhinisha na kodi ya ploti. Wizara ya Elimu hupokea watoto. Baina ya ofisi hizi mbili pana ukimya, na katika ukimya huo ndimo maelfu ya watoto wetu wanamopotelea.

Si kweli kwamba haya ni mambo mageni yasiyowahi kufikiriwa. Mwaka 1929, mpangaji wa miji wa Marekani aitwaye Clarence Perry alipendekeza kwamba ukubwa wa mtaa upimwe kwa shule ya msingi: mtaa uwe na watu wanaotosha kuijaza shule moja, na kila mtoto aweze kuifikia kwa miguu bila kuvuka barabara kuu. Fikira hiyo ilifika Nairobi katika mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1948. Mpango huo ulitungwa katika enzi ya ubaguzi wa kikoloni, na sina haja ya kuusifu. Lakini kipimo chenyewe kilikuwa cha haki. Baada ya uhuru, mradi wa Dandora uliofadhiliwa na Benki ya Dunia katika miaka ya 1970 uligawa ploti takriban 6,000 kwa watu wa mapato ya chini, na ndani ya mpango huo huo shule za msingi zilitengewa nafasi pamoja na zahanati na masoko. Waama, tulijua kupanga. Tuliacha kupanga pale ardhi ya jiji ilipogeuka kuwa mali ya kukimbilia, makampuni ya kununua ardhi yakakatakata mashamba makubwa kuwa vipande, na kila kipande kikawa na bei.

Hata pale uwanja wa shule ulipotengwa kwenye ramani, aghalabu haukudumu. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza ugavi haramu wa ardhi ya umma na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi zilizotengewa huduma za umma, zikiwemo za shule, zilivyogawiwa watu binafsi. Na nani amesahau Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road waliporushiwa vitoamachozi na polisi walipokuwa wakiudai uwanja wao wa kuchezea uliozungushiwa ukuta? Siri ya unyakuzi ni nyepesi. Uwanja unaoitwa wa shule kwenye ramani, bila hatimiliki yenye jina la shule, ni kama kuku asiye na mwenyewe: kila apitaye huona kitoweo.

Sasa tuingie darasani, maana ndiko gharama inakolipwa. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka chumba cha kawaida cha darasa kisizidi wanafunzi 40 wanaoketi wawili wawili. Mimi nimewahi kufundisha chumba cha namna hiyo kikiwa na watoto zaidi ya 90. Wanne waliketi kwenye dawati la wawili, na wa pembeni aliandika akiwa ameegemeza goti ukutani. Nikitaka kusahihisha daftari la kila mmoja kwa dakika mbili tu, madaftari 90 yanadai saa tatu kamili, na hilo ni somo moja kati ya masomo ya siku nzima. Mwalimu wa darasa kama hilo hafanyi uvivu anapoacha kusahihisha. Ameshindwa na saa.

Tena mtaala wa umilisi umeuongeza uzito wa jambo hili. Chini ya mfumo wa zamani, mwalimu aliyelemewa angeweza kujifariji kwamba mtihani wa mwisho ndio utakaoamua. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Siku hizi, mtoto anapopangiwa shule ya sekondari ya juu, asilimia 20 ya alama zake hutoka katika tathmini anazofanyiwa na walimu wake shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Asilimia 20 nyingine ni za mtihani wa Gredi ya 6, na 60 za mtihani wa Gredi ya 9. Mwalimu anatakiwa amtazame kila mtoto akitenda, akitengeneza, akieleza. Nauliza kwa unyenyekevu: mwalimu wa watoto 40 katika mtaa wa matajiri na mwalimu wa watoto 90 kule Pipeline wanawezaje kutoa alama zenye thamani sawa? Mmoja anamjua mtoto. Mwingine anajua jina lake tu, akibahatika.

Fauka ya hayo, sekondari msingi iliwekwa katika viwanja vya shule za msingi mwaka 2023, na Gredi ya 9 ikaingia kwa mara ya kwanza Januari 2025. Shule iliyojengwa kwa madarasa manane ikajikuta inadaiwa tisa, pamoja na maabara. Fedha za Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, ambayo ilianzishwa mwaka 2003, zimejenga madarasa mengi na sharti tuzishukuru. Hata hivyo, kila chumba kipya ndani ya ua lile lile hula kipande cha uwanja wa michezo. Tunaongeza vyumba bila kuongeza ardhi, na mwisho wake ni shule isiyo na mahali pa kupigia mpira.

Jambo linalonichoma zaidi ni hili la sheria. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya lazima na isiyolipiwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema mzazi asiyempeleka mtoto shuleni anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 39, inamtwika Waziri wa Elimu wajibu wa kutoa miundombinu, zikiwemo shule zenyewe. Mzazi amewekewa faini na kifungo. Je, aliyeacha shule isijengwe amewekewa nini?

Niliwahi kumsikia mama mmoja mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, mwezi wa Januari, mkono mmoja umeshika mtoto na mwingine bahasha ya cheti cha kuzaliwa. Mwalimu mkuu, mtu mpole, alikuwa akimweleza kwamba hana nafasi.

"Mama, hata pa kuweka kigoda sina. Jaribu shule ile ya ng'ambo ya barabara."

"Nimetoka huko, mwalimu. Wamenituma kwako."

"Pole sana, mama. Hata mimi sina la kufanya."

"Basi, mwalimu, nimrudishe tumboni?"

Hakuna aliyecheka. Na kwa kweli hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu mwenye jibu hakuwa ofisini humo. Alikuwa katika afisi nyingine, akigonga muhuri juu ya mchoro wa jengo jingine.

Mama kama huyo huenda wapi? Huenda kwa shule ya kibinafsi ya mtaani, yenye mabati na mbao, ambayo humtoza karo kila muhula kwa elimu ambayo Katiba imesema hailipiwi. Wako walimu wengi wenye moyo katika shule hizo na sitawabeza. Wao ndio wanaoziba pengo lililoachwa na serikali. Lakini tukumbuke Septemba 23, 2019, vyumba vya shule ya Precious Talent kule Dagoretti vilipoporomoka asubuhi na watoto wanane wakapoteza maisha. Wazazi wa watoto wale hawakuichagua hatari. Walichagua mahali palipokuwa karibu na palipokuwa na nafasi.

Wako watakaosema kwamba kuwadai wajenzi mchango wa shule kutapandisha kodi ya nyumba. Nawajibu kwamba mpangaji analipa tayari. Analipa karo ya shule ya kibinafsi, analipa nauli ya matatu au bodaboda ya kumpeleka mtoto mbali, na analipa kwa hofu ya kumvusha barabara kuu. Gharama ya shule haikwepeki. Swali ni kama tutailipa mara moja kwa mpango au kila siku kwa fujo. Wako pia wanaopendekeza watoto wasome kwa zamu, wengine asubuhi na wengine alasiri. Kwa mwaka mmoja wa dharura, naam, ni afadhali zamu kuliko mtoto kukaa nyumbani. Lakini zamu humnyima mtoto nusu ya siku, na mzazi afanyaye kazi viwandani hana wa kumwangalia mwanawe nusu ile nyingine. Dharura ikizoeleka huwa ndiyo desturi.

Mapendekezo yangu ni machache. Kwanza, kila anayeidhinishiwa nyumba za kupangisha alipe ada ya madarasa kulingana na idadi ya nyumba, hata kama ploti yake ni ndogo. Ada hiyo iwekwe katika akaunti ya wadi ile ile na isitumiwe kwa jambo jingine. Wale 20 wa barabara yetu ya mfano hawawezi kutoa ardhi mmoja mmoja, lakini wakichangia pamoja wanaweza kununua uwanja.

Pili, palipo na shamba kubwa linalokatwa vipande, hatimiliki ya uwanja wa shule itolewe kabla ya ploti ya kwanza kuuzwa, si baada ya ploti ya mwisho.

Tatu, kaunti na Wizara ya Elimu zipeane hesabu. Kaunti ndiyo inayosimamia chekechea za umma, na ndiyo inayojua ni nyumba ngapi zimeidhinishwa. Mtoto aliye katika mwaka wa kwanza wa chekechea leo atabisha mlango wa Gredi ya 1 baada ya miaka miwili. Hatuhitaji mganga wa kutabiri. Tunahitaji barua moja kutoka jumba moja hadi jingine.

Nne, tuitazame ada ya nyumba. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, kila mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho. Mwalimu anakatwa, mpishi wa shule anakatwa. Sheria hiyo inaruhusu fedha zake zitumiwe pia kwa huduma za kijamii zinazoambatana na nyumba. Mradi wa Mukuru, ambao nyumba zake za kwanza zilikabidhiwa wenyewe mwezi wa Mei 2025, ulipangiwa nyumba zaidi ya 13,000. Kwa kipimo chetu cha mtoto mmoja kwa kila nyumba, hizo ni nafasi 13,000, takriban shule 12 za mikondo mitatu. Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayopasa kuandikwa kwenye ubao wa kila mradi, chini ya jina la mkandarasi, ili kila mpita njia aisome.

Nanyi walimu wenzangu, msinyamaze na rejista zenu. Andikeni kila Januari ni watoto wangapi mliowarudisha mlangoni, kwa sababu aliyerudishwa bila kuandikwa huwa hakuja. Na nyinyi wanafunzi, hasa mnaosoma Jiografia, tokeni na daftari mhesabu nyumba zilizo katika kilomita moja kuizunguka shule yenu, kisha mhesabu madarasa ya umma. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka umma ujulishwe kabla ya majengo kuidhinishwa. Matangazo hayo huwa tunayapita kama kwamba hayatuhusu. Kamati ya wazazi ikienda na hesabu yenu mkononi, itasikilizwa kuliko ikienda na malalamiko matupu.

Sisi hatupingi nyumba. Mja hulala wapi akikosa dari? Lakini anayejenga nyumba amemwalika mtoto aje akae mtaani, na mwalikwa hapaswi kufika akaambiwa kwamba hakuna sahani yake. Kabla ya muhuri kugongwa juu ya mchoro mwingine, afisa na aulize swali moja tu: watoto wa jengo hili watasomea wapi? Na asipopata jibu, aurudishe mchoro kwa mwenyewe, kama vile watoto wetu wanavyorudishwa kwa mama zao.